Ulikuja kwa Dada, Ukamkuta Nesi

Mdogo wangu Skola,

Sitakuandikia kwamba mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali. Hofu ninayo, mashaka ninayo, uzima ndio sina uhakika nao. Tangu asubuhi nimeinuka kwenye kiti hiki mara sita. Mara nimeenda kutazama chai, mara nimetoka nje kuangalia kama basi la Namanyere limeshapita, na basi lenyewe hata halipiti mtaa huu. Mama Masanja, yule jirani yangu Msukuma, amenichungulia juu ya ua akasema, "Feli, una siafu kwenye sketi?" Nikamwambia naandika barua. Akasema, "Basi kaa chini. Barua haiandikwi kwa miguu."

Haya, nimekaa.

Hii ni barua ya nne. Mbili za kwanza zilirudi kutoka Kirando zikiwa zimefungwa vilevile. Ya tatu sijui ilizama, sijui ilikufikia ukawashia moto. Juzi sokoni nimekutana na mtu wa dagaa akaniambia umehamia Wampembe, unaanika dagaa kwa mama mmoja mwenye mitumbwi miwili. Kasema umekonda lakini unacheka. Nimemng'ang'ania anieleze unachekaje, unacheka kwa sauti au kwa meno tu, mpaka yule baba akaanza kurudi nyuma akidhani sina akili timamu. Kwa hiyo hii ya leo siifungi. Haina gundi, haina stempu. Nampa yeye mkononi, na yeyote atakayeipokea njiani aisome akipenda, na wewe nataka usomewe kwa sauti. Najua kusoma unajua kuliko mimi, darasa la saba ulinipita Kiswahili na hesabu. Lakini hii usomewe. Sababu utaisikia mwishoni, usianze kuniharakisha.

Nianzie Pasaka ile ya mwisho tuliyokaa wote kwa Baba. Wewe uko jikoni unageuza mahindi mabichi, Anjela wako amekaa kwenye goti la babu yake anamng'oa ndevu moja moja. Mimi nimekuja na habari zangu za mjini, najitapa kwamba kazini wamenichagua, nitapelekwa Mbeya kusomea ushauri nasaha, siku bado haijajulikana, na nikirudi nitapewa chumba changu mwenyewe, na watakaoingia humo hawataitwa wagonjwa tena. Wataitwa wateja. Baba akaweka hindi lake chini. Unamjua, katekista wa miaka yote, neno jipya halipiti mbele yake bila kuulizwa limezaliwa wapi.

"Wateja? Kwani humo ndani mnauza nini?"

Ilikuwa ndiyo miaka ile kila kitu kimeingia sokoni. Malori ya watu binafsi yalikuwa yanapanda mpaka kijijini kutafuta mahindi, mitumba imemwagika mpaka nje ya uzio wa soko, na hospitali nako dirisha la kulipia kadi limefunguliwa. Baba akatikisa kichwa akasema, "Soko huria limefika kwenye machozi sasa." Na wewe, bila hata kugeuka kutoka kwenye moto, ukasema, "Wanauza masikio, Baba."

Tulicheka mpaka Anjela akashtuka akalia. Nilipokuwa narudi mjini nilikuwa bado nacheka njiani. Sikujua kwamba wewe utakuwa mmoja wa wateja wangu wa kwanza, na kwamba siku hiyo utakuta duka tupu.

Ngoja, nimeinuka tena. Nimerudi.

Skola, unamkumbuka Mama alivyokuwa anawatibu watu? Sisemi dawa, nasema maneno. Hapana, hata maneno siyo. Mtu akija na jambo limemjaa kifuani, Mama alikuwa haulizi. Alikuwa anavuta gunia la mahindi, anamtupia gunzi moja la kusugulia, anasema, "Nisaidie kupukuchua kidogo, vidole vimeniuma." Wanakaa bega kwa bega, wote wanatazama ungo. Punje zinaanguka. Kikapu cha kwanza hakuna kitu, ni habari za mvua na nani kaoa. Kikapu cha pili mtu anaanza kuvuta pumzi. Kuanzia cha tatu ndipo linatoka, tena linatoka lenyewe, na Mama wala hageuzi shingo. Tukimuuliza kwa nini hamtazami mtu, anasema, "Jambo la aibu ukilitazama machoni linarudi ndani."

Mimi mwenyewe nilitibiwa hivyo, na wewe ulikuwepo. Ni ule mwaka yule mwalimu aliponiacha wakati mahari imeshazungumzwa. Siku nne sikusema na mtu. Mama akavuta gunia, akaniweka katikati yake na wewe. Ulikuwa darasa la nne, kidole kinakuuma lakini hutaki kuondoka. Nilipoanza kulia Mama aliendelea kupukuchua. Nikasema yote, nikasema hata yale ambayo sikupaswa kusema mbele ya mtoto. Nilipomaliza tu, gunzi likanipiga hapa juu ya sikio. Ni wewe. Ukasema, "Dada, yule mwanaume mwenyewe alikuwa na miguu ya kuku." Mama alicheka mpaka akaegemea ukuta. Nilipona siku ile, Skola. Nakwambia wazi kwa sababu sikuwahi kukushukuru.

Baba naye alikuwa na njia yake, usiniambie umesahau. Yeye alikuwa na tiba moja kwa magonjwa yote, kama Panadol. Umegombana na mume, kidole juu, neno la Maandiko, fungu moja la rozari. Umefiwa, kidole juu, neno la Maandiko, mafungu mawili. Tulikuwa tunamcheka kichinichini, lakini watu walikuwa wanatoka kwake wamenyooka mgongo. Kuna watu wanataka kuambiwa la kufanya. Siwalaumu.

Na kulikuwa na baraza la kijiji, ambalo tulikuwa tunachungulia kwa nyuma siku za Jumatano. Mwenye kosa anasimama, anakiri. Mwenyekiti anarudia maneno yake mbele ya wote, polepole, ili wazee wasikie na asiyakane kesho: "Unasema uliachia ng'ombe wakala ulezi wa mjane." Halafu kimya. Kile kimya ndicho kilikuwa kibaya, maana baada ya hapo ilikuwa faini tu. Tukaenda nyumbani tukacheza baraza mwaka mzima. Wewe mdogo lakini mwenyekiti siku zote ni wewe, umekalia debe, gunzi mkononi, sauti umeikoroga iwe nzito: "Unasema ulikula sukari ya Baba." Mimi nimesimama mikono nyuma. Na faini yako ilikuwa hiyohiyo kila siku, nikubebe mgongoni mpaka kisimani na kurudi. Mgongo wangu uliharibikia pale.

Nimekukumbusha baraza kwa makusudi. Usilisahau.

Sasa Mbeya. Barua ya kuitwa ilifika Jumatatu inasema ripoti Jumatano. Jamani, unajua semina zilivyokuwa, ukichelewa nafasi inapewa mwingine na posho yake. Nilitupa nguo mbili kwenye mkoba nikafunga mlango. Mama Masanja nilimwambia. Wewe sikukutumia hata neno. Nilikuwa na mtu wa kumtuma kabisa, yule kondakta wa lori anayelala kwenu, nilimwona kwa macho yangu stendi akila chapati. Nikasema moyoni, ah, wiki tatu tu. Nikapanda basi.

Darasani tulikuwa watu ishirini na kitu, kila mmoja na kabrasha lake. Mwezeshaji alikuwa mama mmoja mpole, kila kitu anakiandika kwenye yale makaratasi makubwa ya kugeuza. Alitufundisha kumkalisha mteja uso kwa uso, kuinama mbele kidogo, kumtazama machoni. Usimkatize. Usimhukumu. Usimpe ushauri. Hapo nikanyoosha mkono nikauliza, "Mwezeshaji, mshauri asiyetoa ushauri anakula mshahara wa nini?" Darasa zima likaangua kicheko. Yeye akanijibu kwa upole kwamba mtu ana majibu yake ndani, kazi yetu ni kumshikia taa. Akasema njia ya kumshikia taa ni kumrudishia maneno yake mwenyewe, ili ajue kwamba amesikika. Na akinyamaza, nawe nyamaza, usiogope kimya.

Mimi! Mimi ambaye hata Misa ikiwa kimya nakohoa.

Lakini nilijifunza, Skola, na sitaki udhani namdharau yule mama. Kuna watu nimewasaidia kwa njia yake ileile, hasa wale wanaosubiri majibu ya damu, ambao kila mtu mtaani ameshawapa ushauri mpaka masikio yameziba. Tulifanya maigizo ili tuzoee. Nikapangwa na nesi mmoja wa Songea, yeye aigize mama aliyefiwa na mtoto, mimi mshauri. Alilia vizuri yule dada! Nikainama mbele, nikamtazama, nikamrudishia maneno yake moja moja, nikanyamaza panapotakiwa. Darasa likanipigia makofi. Ilikuwa Alhamisi ya wiki ya pili.

Nimeihesabu ile Alhamisi kwa vidole mara nyingi kuliko rozari.

Alhamisi hiyo ulikuwa umekaa mlangoni kwangu. Upepo wa mwezi wa sita unaujua unavyokata. Anjela alikuwa na kifua siku ya tatu, mbavu zinaingia ndani, ukadandia lori la mahindi alfajiri ukaja kwangu. Ungeweza kwenda moja kwa moja hospitali, watu watasema. Waseme. Mimi ndiye niliyekuzoesha. Kila ulipokuja na mtoto nilikushika mkono nikakupitisha kwa nyuma, nikakwambia foleni ya nini na dada yupo, dirisha la nini na dada yupo. Ulikuwa unafanya nilichokufundisha. Mpangaji wa chumba cha pili akakwambia, "Katoka, hatakawia." Alikuwa amerudi safari usiku wa kuamkia siku hiyo, akaona mlango umefungwa akadhani nimeenda sokoni. Ukakaa. Jua likapanda, likageuka, ukakaa. Saa nane mchana Mama Masanja akarudi shambani akaona hali ya mtoto, akamtoa mikononi mwako akakimbia naye, wewe unakimbia nyuma. Hospitali walimpokea, walifanya yote yaliyokuwa ya kufanywa. Jioni Anjela akatutoka.

Mimi niliporudi na cheti changu, udongo wa kaburi ulikuwa umeshakauka.

Miezi miwili baadaye ndipo ulipokuja kwenye kile chumba. Nakiona mpaka leo. Viti viwili vipya, meza, kitambaa cha meza nilichofuma mwenyewe, mlangoni kibao cha USHAURI NASAHA. Ulivaa sweta la mtumba la bluu lenye kifungo kimoja, mkononi umebeba unga wa ulezi kwenye mfuko. Ulisimama mlangoni ukaanza kuniongelesha Kifipa, kama siku zote. Nami nikakujibu kwa Kiswahili. Nikakwambia, "Karibu, jisikie huru."

Ee Mungu wangu. Jisikie huru! Mtu niliyemfundisha kutembea.

Nikakuvutia kiti kikawa uso kwa uso na changu. Ukainamisha kichwa, mimi nikakutafuta macho kama nilivyofundishwa. Ulikaa ukivuta uzi wa sweta. Ukasema, sasa na wewe kwa Kiswahili maana ndicho nilichokuchagulia, "Dada, nilikaa pale mlangoni kwako toka asubuhi. Nilikuwa nasema atakuja sasa hivi, atakuja sasa hivi. Nimemuua mwanangu kwa kungoja."

Nilijua kabisa cha kusema. Kilikuwa kimekaa hapa kooni, cha maneno mawili: sikukutumia habari. Basi. Lakini ningekisema, ningekuwa mimi niliyeketi kwenye kiti cha kosa. Nikaogopa. Kabrasha likaniokoa. Nikainama mbele kidogo, nikakutazama, nikasema polepole kwa ile sauti ya semina:

"Unasema umemuua mwanao kwa kungoja."

Halafu nikanyamaza.

Uliinua uso ukanitazama. Nilidhani unafikiri, nilidhani majibu yako ya ndani yanakuja, ndivyo nilivyojidanganya. Kumbe ulikuwa unasubiri faini. Mwenyekiti amerudia maneno ya mkosaji, kimya kimeingia, wazee wamesikia. Tulilicheza wenyewe baraza lile, na mimi sikulikumbuka! Katika darasa zima la Mbeya hakuna aliyesimama akasema kwamba kwetu ukimrudishia mtu maneno yake kwa namna hiyo umemtia hatiani. Mimi ndiye nilitakiwa kusema, mimi mtoto wa kule. Nilikuwa nimeshughulika na makofi.

Ulijifunga kanga vizuri. Ukaweka mfuko wa ulezi mezani, juu ya kitambaa changu. Ukasema, "Ahsante, nesi."

Hukusema dada. Ulisema nesi.

Wiki ile ukaondoka kwenda ziwani. Baba yake Anjela yuko machimboni hana habari, Baba yetu anauliza Skola kaenda wapi, mimi najibu sijui kwa sauti ya mtu anayejua. Ule unga sikuupika. Nilikaa nao mpaka ukaingia wadudu.

Ulipoondoka sikula siku tatu. Mama Masanja akaingia bila hodi na sahani ya ugali na mlenda, akanikuta nimelifungua kabrasha pale penye kufiwa, natafuta ukurasa wa kunisaidia. Akalichukua akaligeuza juu chini. "Nyie Wafipa bwana! Mpaka kulia mnasoma kwanza?" Nikakasirika, nikamwambia aniache. Akasema haniachi, yeye ni mtani wangu, na mtani hafukuzwi msibani. Akaanza kuniigiza, amekaa kwenye stuli, ameinama mbele, amenitolea macho kama bundi: "Unasema hutaki ugali wangu." Nilicheka, Skola. Nilicheka nikalia, yakachanganyika, kamasi kila mahali, na yeye akanishika kichwa akalia pia, maana yeye ndiye aliyembeba Anjela. Nikamwambia kila kitu. Nilimwambia yeye kabla yako, na hilo nalo naomba unisamehe.

Ni mwaka wa tatu sasa. Nataka nikueleze chumba kilivyo, maana sipendi ukikumbuke kama ulivyokiacha. Kile kiti cha mbele nimekitoa. Nimeweka benchi refu ukutani, tunakaa upande mmoja, mimi na aliyekuja, tunatazama dirisha. Na kuna ungo. Siku zote kuna maharage ya kuchambua. Alikuja msimamizi wa mradi kukagua, akauliza haya maharage ni ya nini. Nikamwambia ni vifaa vya kazi. Akaandika kwenye daftari lake, sijui aliandika nini, hajarudi.

Alikuja baba mmoja kutoka Kaoze, mtu mzima, mkewe amekufa kwa ugonjwa huu wa siku hizi na yeye ameshapewa majibu yake. Alikaa akachambua maharage ungo mzima bila kusema neno. Na mimi nilivyo! Miguu inanicheza chini ya benchi, ulimi unaniwasha. Nilipomwongezea maharage mengine akasema, akiwa ameyaangalia hayohayo, "Nesi, mimi ndiye nilimletea." Nilihisi ile sentensi ya semina inapanda yenyewe, unasema wewe ndiye ulimletea. Nikaing'ata. Nikamuuliza tu, "Alikuwa anaitwa nani, mama?" Akataja jina lake. Akaanza kunieleza alivyokuwa anapika, alivyokuwa mkali, alivyokuwa anaimba akipalilia. Aliongea mpaka jua likahama ukutani. Wakati wa kuondoka akauliza kama anaweza kurudi wiki ijayo kumalizia maharage.

Nilipofunga mlango siku ile nilikaa kwenye benchi peke yangu. Nilikuwa sijawahi kukuuliza habari za Anjela. Hata moja. Alisemaje siku za mwisho mwisho, alikuwa ameshajua kuita mama mkubwa, lile jino la mbele lilishatoka lote? Mimi mama yake mkubwa sijui.

Sina raha, Skola. Naieleza hivyo ilivyo, maana wewe hupendi maneno ya kuzunguka. Nikiwa kazini nataka kuwa nyumbani, nikiwa nyumbani nafagia nilipokwisha kufagia. Mtu akigonga kwa mpangaji nainuka mimi. Mlango wangu siufungi tena nikitoka, Mama Masanja ananigombeza kwamba nitaibiwa, na kweli wameshaniibia redio. Waichukue. Siwezi kugeuza ufunguo kwenye mlango ule.

Baba amezeeka. Haoni vizuri, Maandiko anayasema kwa kichwa. Jumapili iliyopita nilimwambia nimesikia uko Wampembe. Nikategea kidole kipande juu. Hakikupanda. Alikaa na mikono juu ya fimbo, baadaye akasema, "Mwambie siulizi kitu. Aje tu tupukuchue." Mahindi ya mwaka huu yamejaa, magunia yako pale ukutani alipokuwa anaegemea Mama, na hajaruhusu mtu ayaguse. Wafanyabiashara wamekuja na lori mara mbili, anawaambia anamngoja mtu.

Sasa sababu ya kutofunga barua.

Nimeandika Kiswahili kwa kuwa Kifipa hakuna aliyetufundisha kukiandika, na kwa kuwa nataka hata mgeni aweze kukusomea. Sitaki uisome peke yako umejificha nyuma ya vichanja vya dagaa. Kosa langu nililifanya mlango umefungwa, kwa sauti ya chini, kwa utaalamu, nikakuachia wewe ulibebe. Nataka lisemwe kwa sauti mbele ya watu. Wewe unayemsomea mdogo wangu, uwe nani, mwenye mitumbwi au mtu wa kituo cha boti, naomba hapa usimame kidogo, umpe debe au ndoo akalie, na umpe kitu mkononi, gunzi likikosekana hata kipande cha kuni. Najua atakuambia acha ujinga. Mpe hivyohivyo.

Umekaa, mwenyekiti?

Mimi Felista, binti wa kwanza wa katekista, niliondoka mjini bila kumtumia mdogo wangu habari, na wa kumtuma nilimwona kwa macho. Nilimzoesha kungoja mlango wangu, halafu nikaufunga. Alipokuja kunilalia kifuani nikamwekea kiti mbele, nikamrudishia maneno yake yakawa hukumu, kwa sababu niliogopa kusema yangu. Mtoto hakuuawa na mama yake. Mama yake alimleta alipojua kuna ndugu. Ndugu hakuwepo.

Sasa rudia wewe, kwa ile sauti yako nzito, wasikie wote hapo ufukweni, nisije nikayakana kesho. Kisha nyamaza kadiri unavyotaka. Safari hii anayesubiri ni mimi.

Faini naijua. Mgongo unaniuma siku hizi, na kisima kile walishakifukia, siku hizi bomba liko mbali zaidi, kule kwenye mteremko wa kanisani. Nitakubeba mpaka huko na kurudi.

Ni mimi dada yako,
Feli.